Paka wa Kibandani na Macho ya Mchoraji

Makala mengi kuhusu kupiga picha ya paka ili mchoraji amchore kutokana nayo husisitiza ubora wa kamera, ilhali kinachomkwamisha mchoraji wa sura mara nyingi ni mwanga na mahali aliposimama mpigaji picha. Katika vibanda vya mitumba vya Mchikichini, Dar es Salaam, ambako paka hulala juu ya marobota, turubai la bluu lililotandazwa juu huchuja jua na kumpaka paka mweupe rangi ya samawati, naye mchoraji, ambaye hajamwona mnyama huyo, huihamishia karatasini akidhani ndiyo rangi ya manyoya. Ni afadhali paka asogezwe mlangoni asubuhi au alasiri, kwa kuwa jua la utosi la jiji hilo huyafunika macho kwa kivuli. Simu ishushwe hadi usawa wa macho yake, kisha mpigaji arudi nyuma kidogo, kwani lenzi pana, yaani ile inayomeza eneo kubwa, ikisogezwa karibu mno huivimbisha pua na kuyasinyaza masikio. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, hakuhitaji usumbufu huu, maana chui aliyemchora hakuwa chui wa mtu fulani. Picha ya kuchorea, kinyume chake, humtafuta paka huyu mmoja, mwenye sikio lililochanika na sharubu zilizopinda upande wa kushoto. Nayo itumwe kwa WhatsApp kama faili, si kama picha ya kawaida, kwa sababu programu hiyo huibana picha ili iwe nyepesi, na sharubu ndizo hutoweka kwanza.