Wanasayansi wetu nao wapendekezwe

Nataka nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo kwa wengi litaonekana liko mbali na maisha ya kijijini, lakini kwa hakika linatuhusu sote. Jambo lenyewe ni namna vyama vikubwa vya wanasayansi duniani vinavyopendekeza na kuchagua wanachama wake.

Nimesukumwa kuandika na swali la mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la sita. Tulikuwa tukisoma habari za wanasayansi mashuhuri, na ubaoni nilikuwa nimeandika majina ya Newton, Faraday na Darwin. Mtoto huyo akanyoosha kidole akauliza, "Mwalimu, hao walichaguliwa na nani kuwa wakubwa?" Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, maana swali lilikuwa la haki na jibu sikuwa nalo. Nilimwahidi kulitafuta, na haya ndiyo niliyoyapata.

Wote watatu walikuwa wanachama wa Royal Society ya London, chama kilichoanzishwa mwaka 1660. Newton alichaguliwa mwaka 1672, na tangu mwaka 1703 hadi alipofariki mwaka 1727 alikuwa rais wake. Chama hicho bado kipo, na kuchaguliwa humo ni heshima ambayo mwanasayansi hubaki nayo maisha yake yote. Wengi wetu hudhani kuwa ni cha Waingereza peke yao. Sivyo. Kwa kanuni zake, raia wa nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola anaweza kuchaguliwa kuwa mwanachama kamili. Tanzania imo katika Jumuiya hiyo. Kwa hiyo mtafiti wa Morogoro au wa Ifakara ana haki ile ile aliyo nayo mtafiti wa Cambridge. Hayo ndiyo yaliyoandikwa katika kanuni. Tuangalie sasa jinsi mambo yanavyokwenda.

Mtu hawezi kuomba mwenyewe uanachama huo. Ni lazima apendekezwe na wanachama wawili ambao tayari wamo ndani, nao hutia saini hati inayoeleza kazi aliyoifanya. Hati hiyo hupelekwa kwenye kamati ya wataalamu wa fani yake, na wanasayansi wengine huombwa watoe maoni yao juu ya kazi hiyo. Baada ya hapo Baraza la chama hupanga orodha ya majina, na wanachama wote huipigia kura. Ili mtu achaguliwe, hana budi kupata theluthi mbili ya kura zinazopigwa.

Msomaji atasema huo ni utaratibu mzuri, na mimi nakubali. Kazi ya kisayansi haiwezi kupimwa kwa makofi ya mkutano wa hadhara. Ipimwe na wanaoijua. Lakini tukiuangalia utaratibu huo hatua kwa hatua tutaona kuwa kura ndiyo hatua ya mwisho, na kwamba mambo makubwa yamekwisha amuliwa kabla yake. Jina lisilopelekwa halina kura, hata kama mwenye jina ni hodari kuliko wote. Mlango wa nyumba hiyo hufunguliwa kutoka ndani, na aliye nje hata kubisha hodi haruhusiwi.

Historia inatufundisha jinsi mlango huo ulivyotumiwa. Kabla ya mwaka 1847 Royal Society ilikuwa imejaa mabwana wenye vyeo na mali ambao hawakuwa wanasayansi hata kidogo. Waliingia kwa kujuana. Mwaka huo wanachama wenyewe walibadili kanuni, wakakata shauri kuwa wachaguliwe watu 15 tu kwa mwaka, na sifa iwe ni kazi ya sayansi. Hayo yalikuwa mageuzi ya kweli, nayo yanaonyesha kuwa kanuni za chama si maandiko matakatifu. Wenye chama wakitaka, hubadilika.

Lakini ubaguzi haukwisha siku hiyo. Mwaka 1902 lilipelekwa jina la mama mmoja, Hertha Ayrton, mtaalamu wa umeme. Chama kiliwauliza wanasheria, na jibu likawa kwamba mwanamke aliyeolewa hawezi kuwa mwanachama, kwa kuwa mbele ya sheria za wakati ule hakuhesabiwa kuwa mtu anayejitegemea. La kushangaza ni kuwa mwaka 1906 chama hicho hicho kilimpa mama huyo nishani kwa ajili ya utafiti wake. Kazi yake waliikubali, yeye mwenyewe wakamwacha nje. Wanawake wa kwanza, Kathleen Lonsdale na Marjory Stephenson, walichaguliwa mwaka 1945, yaani miaka 285 tangu chama kianzishwe.

Ufaransa nako mambo hayakuwa bora. Mwaka 1911 jina la Marie Curie lilipelekwa kwenye akademia ya sayansi ya Paris. Wakati huo alikuwa amekwisha pata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1903. Alishindwa kwa kura chache sana. Mwaka huo huo wa 1911 akapewa Tuzo ya Nobel ya pili. Akademia hiyo haikupata mwanachama kamili mwanamke mpaka mwaka 1979.

Upo pia mfano wa Srinivasa Ramanujan wa Uhindi. Alikuwa karani katika ofisi za bandari ya Madras, hana shahada yoyote, ila kichwa chake kilikuwa kimejaa hesabu. Mwaka 1913 alimwandikia barua Profesa Hardy wa Cambridge, akamwonyesha kazi yake. Hardy angeweza kuitupa barua hiyo kapuni. Badala yake aliisoma, akatambua kipaji kilichokuwamo, akamwita Uingereza, na mwaka 1918 Ramanujan akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Alifariki mwaka 1920 akiwa na umri wa miaka 32. Wengi husimulia habari hii kama sifa ya Ramanujan. Mimi naiona pia kuwa ni fundisho juu ya Hardy. Bila mtu mmoja aliye ndani kukubali kusoma barua ya karani asiyejulikana, dunia ingekosa hazina hiyo. Je, makarani wangapi barua zao hazikusomwa?

Hapa kwetu hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Akaweka maziwa yake kwenye friji yakiwa bado ya moto, nayo yakaganda kabla ya yale yaliyokuwa yamepoa. Alipouliza sababu aliambiwa kuwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, alimwuliza swali hilo mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, Dr. Denis Osborne. Wanafunzi wenzake walimcheka. Osborne hakucheka. Alirudi Chuo Kikuu, jambo hilo likajaribiwa, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Leo wanasayansi duniani wangali wanabishana juu ya suala hilo, na wanaliita kwa jina la Mpemba. Sisemi kwamba kwa swali hilo moja angestahili kuingizwa katika chama kikubwa. Ninachosema ni kwamba jina lake lisingejulikana kama mtu mwenye nafasi asingemsikiliza.

Wapo watakaouliza: uanachama huo una faida gani kwa mkulima? Watasema ni herufi chache tu za kuongeza mwisho wa jina. Mimi nasema sivyo. Serikali na mashirika yanapotaka ushauri juu ya maradhi, mbegu, maji au hali ya hewa, mara nyingi huwaendea watu wa vyama hivi. Maoni yao yana uzito pale inapoamuliwa utafiti upi upewe fedha. Zaidi ya hayo, wao ndio watakaopendekeza wanachama wa kesho. Kama ndani hakuna mtu aliyewahi kuona mihogo ikioza shambani kwa ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ni nani atakayesema kuwa huo ni utafiti wa maana? Asiyekuwapo na lake halipo.

Nchi zinazoendelea zimekwisha litambua jambo hili. Profesa Abdus Salam wa Pakistan, aliyechaguliwa Royal Society mwaka 1959 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1979, hakuridhika kukaa ndani peke yake. Mwaka 1983 aliwaongoza wenzake kuanzisha Akademia ya Sayansi ya Ulimwengu wa Tatu, yenye makao yake Trieste, Italia. Siku hizi inaitwa Akademia ya Sayansi ya Dunia, nayo huchagua wanachama wake hasa kutoka nchi zinazoendelea. Mwaka 1985 ikaanzishwa Akademia ya Sayansi ya Afrika, yenye makao yake Nairobi. Rais wake wa kwanza alikuwa Profesa Thomas Odhiambo wa Kenya, bingwa wa elimu ya wadudu. Hao hawakungoja kufunguliwa mlango. Walijenga nyumba nyingine.

Hata hivyo, nyumba mpya nayo ina mlango. Katika akademia hizi pia wanachama wapya hupitia mikononi mwa walio ndani. Kama wale waliotangulia watapendekeza marafiki zao, wanafunzi wao na watu wa chuo chao tu, tutakuwa tumewaondoa mabwana wa London na kuweka mabwana wetu wenyewe. Nchi yenye wanachama wengi itaendelea kupata wengi, na isiyo na mtu itaendelea kukosa.

Mimi mwenyewe nimeliona jambo hili kwa kiwango kidogo. Mwaka mmoja shule zilitakiwa kupeleka jina la mwalimu aliyefanya kazi nzuri kuliko wengine. Tulikuwa na mwenzetu aliyekuwa akiwafundisha watoto hesabu jioni kwa taa ya kandili, bila malipo, na waliofaulu walionekana kwa macho. Hakuna aliyempinga, wala hapakuwa na hila yoyote. Fomu ilikaa mezani, kila mmoja akidhani mwenzake ataijaza, mpaka tarehe ikapita. Zawadi ilikwenda shule nyingine, na kwa haki, kwa kuwa wao walipeleka jina. Mwenzetu hakulalamika, lakini mwaka uliofuata taa ile haikuwaka tena. Tangu siku hiyo najua kuwa mtu anaweza kunyimwa haki yake na watu wanaompenda, kwa uvivu wao tu.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, natoa ushauri ufuatao.

Kwanza, vyuo vikuu vyetu, taasisi za utafiti na Akademia ya Sayansi ya Tanzania visingoje kuulizwa. Viwe na orodha ya watafiti wetu na kazi zao, iangaliwe kila mwaka, na majina yafikishwe kwa wanachama wenye haki ya kupendekeza. Kusifu kazi ya mwenzako si kujipendekeza.

Pili, Waafrika ambao tayari wamechaguliwa wauone uanachama wao kuwa ni dhamana. Kila mmoja ajiulize kila mwaka: nimempendekeza nani? Na huyo niliyempendekeza, je, ni wa kwetu tu, au nimetazama pia nchi ambayo haina mtu?

Tatu, vyama vyenyewe viwatume watu wake kutafuta vipaji mahali ambako havijawahi kupata mwanachama. Sisemi kipimo kishushwe. Mwanasayansi wetu akiingizwa kwa kuonewa huruma, atakaa humo kama mgeni, na watakaomfuata watadharauliwa. Kipimo kibaki pale pale kilipo, ila wanaofikishwa mbele ya kipimo hicho wasiwe wale wale wa siku zote. Mtihani wa haki ni ule ambao kila mtoto aliyejiandaa ameruhusiwa kuingia chumbani.

Nne, sisi walimu tuache kuwacheka watoto wanaouliza. Sisi ndio wapendekezaji wa kwanza. Kabla jina la mtu halijafika London, Trieste au Nairobi, lilipita katika daftari letu la mahudhurio.

Nilirudi darasani nikamjibu mwanafunzi wangu kuwa wakubwa wale walichaguliwa na wenzao, na kwamba kwa muda mrefu wenzao waliwatazama wale tu waliofanana nao. Akafikiri kidogo, kisha akauliza tena, "Na sisi, mwalimu, nani atatutaja?" Swali hilo nalileta kwa wenye uwezo wa kulijibu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Lushoto.