Kishonanguo na Somo la Ua

Walimu wengi hufundisha sehemu za ua kwa mchoro wa ubaoni, ilhali kishonanguo, jamaa ya alizeti, kimejiotea nje ya dirisha. Twaona hilo ni kosa. Mwanafunzi akilipasua ua lake kwa ukucha, ataona kuwa si ua moja, bali vijiua vingi vilivyosongamana pamoja. Kila kijiua cha manjano cha katikati huweza kuzaa kijitunda kikavu, chenye vijiba viwili au vitatu vinavyonasa nguoni. Kwa njia hiyo mmea huu wa asili ya Amerika umesambaa mbali. Mwalimu asiyetoka nje huwazoeza watoto kuiamini chaki kuliko macho yao. Basi tutangulie sisi kuuchunguza, ndipo tuwaongoze.