Tumbawe Sio Pambo la Sebule

Wasee wa Nairobi wenye matangi ya maji ya chumvi huniambia kitu kimoja: ukilifuga tumbawe, umeliokoa. Siku hizi hata hapa Isiolo nasikia ati hoteli ya kisasa inafaa iwe na tangi la matumbawe pale mapokezi, wageni wapige picha. Mimi napinga, na napinga kwa hesabu.

Tumbawe ni mnyama. Yale yenye polipi kubwa, yanayopendwa kwa jinsi yanavyopepea majini, huishi kwa mwani mdogo uliomo mwilini mwake na kwa chakula yanachodaka kwa minyiri. Yanataka maji ya nyuzi 25 hadi 27, gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita, na kalsiamu ya kujengea mifupa. Hata jirani ni shida: Galaxea, ambalo liko pia kwenye miamba ya Kenya, hunyoosha minyiri mirefu na kumchoma aliyekaa karibu.

Haya, lilete Isiolo. Tangi la lita 200 linataka kilo 7 za chumvi maalum kabla hujaweka kiumbe chochote. Ukibadilisha asilimia 10 kila wiki, hizo ni lita 20, mtungi mmoja. Lakini maji ya kisima huwezi kuyatia hivi hivi. Lazima yachujwe, na machujio mengi ya nyumbani humwaga lita tatu au nne ili yatoe lita moja safi. Mtungi mmoja umekuwa minne, mitano. Na bado hujafidia yanayokauka kila siku kwa upepo wetu huu. Mchana joto linapita nyuzi 30, kwa hivyo unahitaji mashine ya kupoza. Stima ikipotea, mashine na pampu zote zinasimama.

Utaniambia maji yaliyomwagwa yanaweza kufulia. Sawa, yanaweza. Lakini katika mji ambapo kuna mtu anahesabu mitungi kwenye mkokoteni wa punda, pambo la namna hiyo ni matusi.

Na nani hasa anaokolewa? Tumbawe lililong'olewa mwambani limeuacha mwamba na pengo. Ndiyo maana matumbawe magumu yote yamewekwa kwenye Orodha ya Pili ya mkataba wa CITES, na kuyauza nje ya nchi kunahitaji kibali. Yapo yanayokuzwa kutoka vipande ndani ya matangi, na hayo hayamwibii bahari. Lakini hayairudishii chochote pia.

Kinachoniudhi zaidi ni lile swali: watu wa bara, matumbawe yanawahusu nini? Yanatuhusu sana. El Niño ya 1997 na 1998 ilileta mafuriko kaskazini mwa Kenya, na homa ya Bonde la Ufa ikaua watu na mifugo. Mwaka huo wa 1998, maji ya moto yakapausha matumbawe ya pwani yetu, mengi yakafa. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua zetu zilikosa misimu mitano mfululizo, La Niña ikiwa imekaa Pasifiki. Mfugaji wa Merti na mvuvi wa Watamu wanapigwa na bahari ile ile.

Kwa hivyo nyinyi wafugaji wa matumbawe, sitawaita wajinga. Mnajua kuliko sisi wote kwamba nyuzi moja au mbili zikizidi na kukaa wiki kadhaa, mnyama anapauka. Mnakimbia na kipimajoto usiku wa manane kwa ajili ya lita 200. Basi pelekeni bidii hiyo kule Wasini na Mkwiro, ambako wanavijiji wanapandikiza vipande vya matumbawe baharini kwa mikono yao. Ukitaka kuyaona, hifadhi za Malindi na Watamu zipo tangu 1968. Panda basi, vaa miwani ya kupigia mbizi, angalia, kisha yaache pale pale.