Wote wakitaka kufunga, nani atakaa nyuma?

Gemu ya Marvel Rivals ilitoka Desemba 6, 2024, na kabla wiki haijaisha vijana wa gemu walikuwa hawana habari nyingine. Kampuni iliyoitengeneza, NetEase ya China, ilitangaza kwamba watu milioni 10 waliingia ndani ya siku tatu za mwanzo. Kwenye Steam, duka kubwa la gemu za kompyuta, kuna muda watu zaidi ya 440,000 walikuwa wakicheza kwa pamoja. Chukua Uwanja wa Benjamin Mkapa, ujaze viti vyote 60,000, rudia mara saba, halafu bado kuna watu wamebaki nje getini.

Najua kuna mdau ameshaanza kuuliza, gemu ya kurushiana risasi na radi inatafuta nini kwenye ukurasa wa michezo? Jibu ni jepesi. Hii ni mechi ya timu mbili, sita kwa sita, na tatizo lake kubwa analijua kila mtu aliyewahi kucheza mpira wa mchangani. Kila mchezaji anataka namba tisa.

Kwa ambaye hajaiona, wachezaji ni wale mashujaa wa katuni na filamu za Marvel. Gemu ilipotoka walikuwa 33, na wote unawapata tangu siku ya kwanza bila kulipa senti. Kinachouzwa ni mavazi na mapambo tu, hakuna anayenunua nguvu. Mechi nyingine mnagombea kushika eneo, nyingine timu moja inasukuma gari hadi mwisho wa njia na ya pili inalizuia. Kuta zinabomoka. Ulipojificha dakika hii, dakika ijayo ni kifusi, hivyo hata aliyezoea kupaki basi lazima ahame.

Mashujaa hao wamegawanywa makundi matatu. Vanguard ni mabeki wako, watu wenye miili kama Hulk, Groot na Thor, kazi yao ni kutangulia na kupokea kipigo kwa niaba ya wengine. Duelist ni washambuliaji, akina Spider-Man, Iron Man na Black Panther. Strategist ni wasaidizi, ambao kazi yao kubwa ni kuwaponya wenzao mechi ikiendelea. Mwite daktari wa timu, ila huyu anaingia uwanjani na anapigwa kama wengine.

Sasa tazama hesabu. Gemu ilipotoka washambuliaji walikuwa 18. Mabeki walikuwa wanane. Wasaidizi walikuwa saba. Ukisajili kikosi kwa mtindo huo, hata kocha wa timu ya mtaa atakuuliza kama uko sawa.

Halafu hakuna sheria inayolazimisha nani acheze wapi. Wote sita mnaweza kuchagua washambuliaji, na gemu itawaruhusu muingie hivyo hivyo. Kwa wiki hii niliyoicheza, nimeona hadithi hiyo ikijirudia. Muda wa kuchagua unaanza, Spider-Man anachukuliwa, Iron Man anachukuliwa, Punisher anachukuliwa, Hela anachukuliwa. Wanabaki wawili wanaviziana, kila mmoja anasubiri mwenzake akubali kwenda nyuma. Mechi inaanza, wanne wanatawanyika kila mtu na adui yake, wanakufa mmoja mmoja, na dakika ya pili tu matusi yanaanza: msaidizi yuko wapi? Anayetukanwa ni yule mmoja aliyekubali kazi ambayo wengine wameikimbia.

Hapa ndipo ninapoona hatari. Anayejitolea kuponya ana macho mawili tu, na kuna watu watano wanamlilia. Akilaumiwa leo, akilaumiwa kesho, keshokutwa naye anachagua Spider-Man. Au anazima mashine na harudi tena. Zikifika siku za namna hiyo, hao milioni 10 hawatakuwa na timu ya kuchezea.

Mpira ulishatufundisha somo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 2003 Real Madrid ilimleta David Beckham na kumwachia Claude Makélélé aende Chelsea. Waliongeza staa mbele, wakaondoa mtu wa kukaba. Madrid haikuona tena taji la La Liga hadi 2007, na katikati hapo Chelsea ikabeba ubingwa wa England mara mbili mfululizo, 2005 na 2006.

Kama huo ni mbali, njoo mwaka 2024. Oktoba 28 Rodri wa Manchester City alikabidhiwa Ballon d'Or. Siyo straika wala winga, ni namba sita. Alikuwa ameshaumia goti Septemba dhidi ya Arsenal, na kuanzia mwisho wa Oktoba City ikapoteza mechi tano mfululizo, ikiwemo ile ya 4-0 nyumbani mbele ya Tottenham. Haaland alikuwepo uwanjani siku hiyo. Mabao hayajitengenezi yenyewe.

Wapo wanaosema dawa ni kufunga milango, yaani gemu ipange idadi ya kila nafasi. Njia hiyo imeshajaribiwa. Overwatch, gemu ya Marekani iliyotoka 2016 na ambayo hii mpya imechukua mengi kutoka kwake, nayo ilianza sita kwa sita bila masharti. Mwaka 2019 ikaweka sheria ya wawili wawili: mabeki wawili, washambuliaji wawili, wasaidizi wawili. Vurugu ya vikosi ikapungua, lakini wanaotaka kushambulia wakawa wanasubiri foleni ndefu kupata mechi, kwa sababu wa nyuma walikuwa wachache. Ilipokuja Overwatch 2 mwaka 2022, beki mmoja akaondolewa kabisa na timu zikabaki na watu watano watano. Sheria ilipanga kikosi, ila haikumfanya mtu yeyote apende kukaa nyuma.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba NetEase wasikimbilie kufuli. Uhuru huu ndio unaoleta raha ya kocha. Timu ikizidiwa, mtu anabadilisha shujaa katikati ya mechi na sura ya mchezo inageuka, sawa na sub ya dakika ya 60 iliyofanywa kwa akili. Wafanye mambo mawili. La kwanza, mashujaa wapya watakaoletwa wajaze upande wa mabeki na wasaidizi. Gemu ilipotoka, aliyechoka kucheza Iron Man alikuwa na wengine 17 wa kujaribu, aliyechoka na msaidizi wake alikuwa na sita tu. La pili, wanaobeba kazi chafu wapewe maua yao. Mwisho wa mechi huonyeshwa mchezaji bora, na msaidizi naye anaweza kulichukua taji hilo. Hesabu za kuponya na kuzuia kipigo zinaandikwa pia. Zipewe nafasi kubwa ileile wanayopewa wauaji.

Dalili nzuri zipo. Kuna ufundi wa mashujaa kushirikiana ambao umenikosha. Gemu ilipotoka, Rocket, ambaye ni msaidizi, aliweza kupanda begani kwa Groot na kuponya watu akiwa juu kule amelindwa. Hulk naye aliweza kumwongezea Iron Man nguvu. Hapo beki anamlisha straika na kila mtu anaona. Waliobuni jambo hilo wanaelewa timu ni nini.

Nionye pia kuhusu hizi namba za mwanzo. Agosti 23, 2024 Sony ilitoa gemu ya aina hii hii, Concord, kwa dola 40. Septemba 6 ikazimwa, wiki mbili tu, na walionunua wakarudishiwa fedha zao. Marvel Rivals imeanza vizuri kuliko hivyo, tena ni ya bure. Lakini hakuna timu iliyotangazwa bingwa baada ya mechi ya kwanza ya ligi.

Na hilo neno bure tulisome vizuri tukiwa huku kwetu. Gemu ilipotoka haikuchezeka kwenye PS4, na PS4 ndiyo mashine iliyoko kwenye vibanda vingi vya mtaani. Ilitaka PS5, Xbox za kizazi kipya au kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 16 na nafasi ya gigabaiti 70. Piga hesabu ya bando la kushusha mzigo huo kabla hujamwambia rafiki yako kuwa ni bure.

Kwa wenye mashine, msimu wa utangulizi, waliouita namba sifuri, uliisha Januari 10, 2025 na msimu wa kwanza wenyewe ukaanza. Watengenezaji wana kazi yao, nasi wachezaji tuna yetu. Kila mechi tatu, moja chagua beki au msaidizi. Ukimwona mwenzako amechukua Luna Snow au Mantis, akakuponya na kukurudisha mchezoni, geuka umpige risasi yule anayemfukuza kwa nyuma. Na mkifungwa, kabla hujaandika tusi hesabu kwanza kikosi chenu kilikuwa na washambuliaji wangapi. Wakiwa watano, msaidizi hana deni na mtu.