Masomo ya binti, jasho la mama: makosa ya kuepuka katika memwari ya biashara



Juma hili mama mmoja wa chama alituomba tuache kidogo mambo ya watoto wa shule ya msingi, tuongee juu ya watoto wakubwa. Alisema: «Mwalimu, binti yangu anaandika memwari ya biashara. Kila siku ananiomba feza ya kuchapisha karatasi, na mimi sijui hata anaandika nini. Nitajuaje kama anafanya vizuri?» Swali hilo ni la wengi wetu. Memwari ni kazi ya mwisho ya mwanafunzi aliyemaliza ngazi ya kwanza. Zamani ilikuwa miaka 3 ya gradua, kisha miaka 2 ya lisansi. Katika mpango mpya, miaka 3 ya kwanza ndiyo inaitwa lisansi, na 2 inayofuata ni masta. Njia zote mbili zinamfikisha pale pale: mbele ya juri, akiwa na kitabu alichoandika mwenyewe.

Tuanze na jambo lililotokea katika mtaa wetu hapa Bukavu. Binti mmoja wa jirani alikuwa anaandika juu ya mikopo midogo na faida ya wamama wanaouza sambaza sokoni Kadutu. Mama yake mwenyewe anauza sambaza. Siku moja usiku, saa mbili, alifika kwetu na bahasha kubwa. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akatuambia: «Yaya, karatasi 200 za maswali ziko hapa. Lakini 60 nilizijaza mimi mwenyewe, usiku. Wamama walikataa kunijibu, na siku zilikuwa zimekwisha.»

Tulimwonea huruma, lakini hatukumficha ukweli. Mtu anayejaza majibu ya watu ambao hakuwauliza ni kama muuzaji anayeweka jiwe chini ya kipimo. Tutawaambia baadaye jambo lile liliishaje. Kwanza tuangalie makosa yaliyomfikisha huko, maana uwongo ule haukuanza usiku ule. Ulikuwa umetengenezwa polepole na makosa madogo madogo.

Kosa la kwanza ni kichwa kikubwa kuliko nguvu. Mwanafunzi anaandika: «Mchango wa wanawake katika uchumi wa Kongo.» Nani ataizunguka Kongo yote kwa miezi 6? Kichwa kizuri kinataja watu gani, mahali gani, na tangu lini hadi lini. «Mkopo na faida ya wauzaji wa sambaza katika soko la Kadutu, kuanzia Januari 2023 hadi Desemba 2024»: hapo mtu anajua ataanzia wapi na atasimama wapi. Binti yetu alianza na Kivu yote, akapoteza miezi 3 kabla ya kurudi sokoni kwa mama yake.

Kosa la pili ni swali kwenda njia moja na karatasi ya maulizo kwenda njia ingine. Swali lake lilikuwa kama mkopo unaongeza faida. Lakini karatasi iliuliza miaka, ndoa, hesabu ya watoto, na kama mama anapenda mkopo. Faida haikupimwa mahali popote! Kabla ya kuchapisha, mwanafunzi achukue kila ulizo na ajiulize: jibu la ulizo hili litanisaidia kuthibitisha au kukataa hipotezi yangu ipi? Kama hakuna, alifute.

Na faida yenyewe si neno jepesi. Tuseme mama amenunua beseni ya sambaza kwa franka 60.000, akauza kwa 75.000. Atasema: «Nimepata 15.000.» Lakini alimlipa mbebaji 3.000 na kodi ya soko 1.000, basi mkononi amebaki na 11.000. Tena kabla ya kuuza alipeleka nyumbani sambaza za 5.000 watoto wakala. Hizo pia zilitoka katika biashara, na ni sehemu ya alichopata. Tukizihesabu tunafika 16.000. Beseni ni moja, majibu ni matatu. Mwanafunzi asipoamua mapema ni hesabu ipi atakayotumia, na asipouliza wamama wote kwa namna moja, jedwali lake litachanganya vitu visivyofanana.

Kosa la tatu ni hesabu ya watu wa kuulizwa. Wengi wanaandika «tumechagua watu 50» bila kueleza kwa nini. Kuna njia rahisi iliyotolewa na Yamane: chukua hesabu ya watu wote, igawanye kwa 1 kujumlisha watu wote mara kosa linalokubaliwa, kosa hilo likiwa limezidishwa kwa lenyewe. Kama wauzaji ni 400 na tunakubali kosa la 5 kwa mia, tunagawanya 400 kwa 2, tunapata watu 200. Tukikubali kosa la 10 kwa mia, tunagawanya 400 kwa 5, tunapata watu 80. Binti yetu aliandika 200 kwa sababu memwari ya mwenzake ilikuwa na 200. Hakumuuliza direktere wake kama 80 ingetosha. Mnaona sasa? Zile karatasi 60 zilizomkosesha usingizi pengine hazikuhitajika hata kidogo.

Tena, hesabu kamili haitoshi kama watu wote ni rafiki za mama, wanaokaa kwenye meza moja. Na kama unataka kujua kazi ya mkopo, uliza wale waliokopa na wale ambao hawakukopa. Hata hapo usikimbie kusema mkopo ndio ulioleta faida. Pengine mama aliyekuwa na biashara kubwa tangu mwanzo ndiye aliyeaminiwa akapewa mkopo. Uliza mtaji wake ulikuwa kiasi gani kabla ya kukopa. Juri wanapenda sana kuuliza swali hilo, na wana haki.

Kosa la nne ni kufika sokoni kama mtu wa kodi. Kwa nini wamama walimkataa? Alifika saa nne asubuhi, wakati wateja ni wengi, akiwa na kalamu na karatasi, akauliza: «Mama, jina lako nani na unapata ngapi kwa siku?» Nani atajibu hilo? Mwanafunzi aende kwanza kwa viongozi wa wauzaji, aonyeshe barua ya shule yake, aeleze kwamba majina hayataandikwa, na kwamba mtu anaweza kukataa bila ubaya. Aende saa ambayo soko limepungua. Aulize kwa Kiswahili, au kwa lugha ambayo mama anaongea nyumbani, hata kama kitabu kitaandikwa kwa Kifaransa. Na anachoambiwa akifunge moyoni: faida ya mama fulani isije ikasikika kwa wakwe zake.

Kosa la tano ni feza mbili. Sisi hapa tunahesabu kwa franka na kwa dola, mara nyingi katika sentensi moja. Mwaka 2012 dola moja ilikuwa karibu franka 920. Mwaka 2024 ilikuwa karibu 2.800. Mama aliyekuwa na mtaji wa franka 920.000 mwaka 2012, akawa na 1.840.000 mwaka 2024, kwa franka ameongeza mara mbili. Kwa dola ametoka 1.000 akashuka hadi karibu 650. Mwanafunzi anayeandika «mtaji umekua mara mbili» amedanganya bila kujua. Achague feza moja, na aandike chini ya kila jedwali ametumia bei gani ya dola.

Kosa la sita ni kunakili vitabu vya zamani. Zaidi ya kuwa ni wizi, ni hatari. Bado tunakuta memwari mpya zinazosema kwamba mwanamke aliyeolewa hawezi kufunga mkataba bila ruhusa ya mume. Ndivyo ilivyokuwa katika Sheria ya Familia ya 1987. Lakini sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo na kuwataka bibi na bwana wapatane. Vilevile kuna wanaotumia bado mpango wa zamani wa kontabilite wa Kongo, wakati nchi yetu iliingia katika OHADA mwaka 2012 na kufuata hesabu zake. Anayenakili kitabu cha mwenzake ananakili pia makosa yake, na mbele ya juri mwenzake hatakuwepo kumtetea.

Sisi wenyewe hatukuwa malaika. Wakati wa kazi yetu ya mwisho tulijaza majedwali kurasa 15, na chini ya kila moja tukaandika tu yale yale ambayo jedwali lilikuwa limekwisha kusema. Mwalimu mmoja wa juri alituuliza: «Basi?» Neno moja tu. Hatukuwa na jibu. Tangu siku ile tunawaambia wanafunzi: chini ya kila jedwali andika maana yake ni nini, na inajibu nini katika swali lako.

Turudi kwa binti yetu. Usiku ule tulimshauri atoe zile karatasi 60, kisha aende kwa direktere wake kusema kweli kabla hajaulizwa. Alilia. Aliogopa kumwambia mama yake, maana feza ya masomo ilitoka katika sambaza, beseni kwa beseni. Kesho yake tulikwenda naye nyumbani. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akasema: «Mimi nikipunja mteja mmoja, soko lote linajua. Wewe ulitaka kupunja sisi wote?» Halafu akaongeza: «Jumatatu njoo mezani kwangu jioni. Nitakupeleka mimi mwenyewe kwa wenzangu.»

Direktere alimkemea, lakini hakumfukuza. Alimwambia arudie ankete na watu 80, waliokopa na wasiokopa, kwa karatasi mpya ya maulizo. Hakutetea katika sesiyo ya kwanza, na hilo lilimgharimu mama yake feza ingine. Alitetea katika sesiyo ya pili. Matokeo yake hayakuwa yale aliyotarajia: kwa wamama wengi aliowauliza, mkopo ulienda kulipa shule na dawa kabla ya kufika kwenye beseni. Aliandika hivyo hivyo. Mmoja wa juri alimwambia kwamba sura ile ndiyo iliyomfundisha kitu.

Basi, kwa yule mama aliyetuuliza, na kwa wote wenye mtoto anayeandika: huhitaji kujua Kifaransa cha kitabu. Jumapili, baada ya kula, mwite umuulize maneno matatu. Unataka kujua nini? Umemuuliza nani, na walikubali? Mwongozi wako alisoma kurasa zako mara ya mwisho lini? Akijibu vizuri, mpe feza ya kuchapisha. Akijikunja, usimgombeze haraka. Mpe kiti, ngoja, na umsikilize. Pengine naye ana bahasha.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutarudi kwa wadogo na hesabu zao. Mubaki salama.