MGUU HAUJUI TOFAUTI YA KAZI NA MCHEZO



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia ya chuma, miwani, vumbi na ngazi. Leo nataka kusema juu ya siku ya Mungu: siku mtumishi anapoweka botini chini ya kitanda, anavaa viatu vya mpira na kwenda futing, au anachukua kamera yake kwenda kupiga foto za arusi. Mtaniuliza: mambo hayo yanaingia namna gani katika usalama wa kazi? Ngojeni niwaeleze habari ya mwenzetu mmoja. Jina lake sitaliandika, maana siri ya dispansere ni siri. Lakini yeye mwenyewe amekubali nisimulie, ili wengine wasipite njia aliyopita.

Ni fundi wa umeme, mtu wa miaka arobaini hivi. Nje ya kazi anapenda mambo mawili: kukimbia asubuhi, na kupiga foto. Foto si biashara yake, hana bango mlangoni. Lakini kila anapopata franka kidogo ananunua kitu: leo lensi, kesho taa, kesho kutwa miguu mitatu ya kusimamishia kamera.

Siku hiyo alikuwa arusini. Ili jamaa yote ya bibi arusi iingie ndani ya foto, alirudi nyuma hatua moja, mbili, tatu, jicho kwenye kamera. Hatua ya nne ilikuwa mtaro. Kifundo cha mguu wa kulia kikapinduka kwa ndani, na mfuko wa vyombo ukamvuta chini kwa uzito wake. Kamera ilipona, sababu aliikumbatia kama mtoto. Mguu haukupona. Mtu huyu akiwa kazini hawezi kurudi nyuma hata hatua moja bila kugeuza kichwa. Arusini alisahau yote tuliyomfundisha.

Kwa bahati mfupa haukuvunjika. Waganga wana njia nzuri ya kupima jambo hilo, iliyotoka katika mji wa Ottawa, nchi ya Kanada, mwaka 1992. Kama mtu hawezi kupiga hatua nne, hata kwa kuchechemea, au akisikia maumivu unapobonyeza mfupa wa kifundo upande wa nyuma au kwenye ncha yake, anapelekwa kupigwa radio. Huyu alipiga hatua nne, na mifupa haikulalamika. Zilizoumia ni zile kamba za upande wa nje zinazofunga mfupa kwa mfupa. Tulimfunga bandeji, akainua mguu, akapumzika siku chache, kisha akarudi kwenye kazi nyepesi.

Hapa ndipo kosa langu lilipoingia. Aliniuliza: « Munganga, nitakimbia lini? » Nikamjibu: « Ukisikia vizuri. » Neno hilo ni jepesi mdomoni, lakini si dawa, maana halina kipimo. Mtu anayependa kukimbia anasikia vizuri kila siku asubuhi! Baada ya siku kumi na mbili alitoka na wenzake wa futing, tena na mfuko wa kamera mgongoni, kwa kuwa alitaka kuwapiga foto wakipanda mlima jua linapotoka. Alirudi nyumbani akishikwa mabega na watu wawili. Mara hii mguu ulivimba kuliko mara ya kwanza, na alikosa kazi majuma matano.

Alipofika dispansere alinieleza kwa sauti ya chini: « Nilikimbia kidogo tu, kilomita nne. » Juu ya mfuko hakusema neno. Ni bibi yake aliyesema. Nikamwomba bibi aulete, nikautundika kwenye mizani tunayopimia watoto. Kilo 8 na nusu! Ndani mlikuwa na kamera mbili, lensi tatu, moja kati yao ndefu na nzito, taa, betri na ile miguu mitatu. Mama mmoja aliyekuwa akingoja na mtoto wake alicheka, akasema: « Baba, huyo ni mtoto wa miezi minane! » Sote tulicheka, na fundi wetu naye. Lakini ndani ya kicheko hicho mlikuwa na fundisho zima.

Mtu akitembea, kila hatua mguu unapokea uzito wa mwili wake na zaidi kidogo. Akikimbia, unapokea mara mbili au hata mara tatu. Basi mtu wa kilo 70 anagonga barabara kwa nguvu ya kilo 140 hadi 210, kila hatua, mara elfu na elfu. Mfuko nao haukai bure. Unaongeza uzito katika hesabu ile ile, na zaidi ya hayo unayumba, unavuta mwili upande mmoja, kisha upande mwingine. Kifundo kizima kinavumilia. Kifundo kilichoumia juzi kinasalimu amri.

Hilo ndilo ninalotaka mshike: mguu haujui tofauti ya kazi na mchezo. Mtumishi anasema: « Kazini nimepewa kazi nyepesi, basi nimepumzika. » Hapana. Mshahara ni mmoja. Ukilipa shule, ukilipa unga, ukilipa dawa, zote zinatoka katika mfuko mmoja. Mguu nao ni vile vile. Masaa manane ya kusimama ndani ya botini, kinga unayopanda kurudi nyumbani, futing ya asubuhi, vyombo vya foto begani: yote yanatoka katika akiba moja. Aliyeumia ana akiba ndogo. Akitaka kutumia upande mmoja, lazima apunguze upande mwingine.

Najua majibu ninayopewa. La kwanza ni la ushujaa. Watu wananitajia Abebe Bikila, yule mkimbiaji wa Ethiopia. Mwaka 1964 alishinda maratoni ya Tokyo, majuma machache tu baada ya kupasuliwa tumbo. Ni kweli, na ni sifa kubwa kwa Afrika. Lakini msikate habari katikati. Mwaka 1968, kule Mexico, Bikila yule yule aliingia mbioni na mguu wenye maumivu, na baada ya kilomita 17 hivi aliacha. Moyo haukumpungukia, wala mapafu. Mguu ulikataa. Kama ulimkatalia Bikila, utatukubalia sisi?

Jibu la pili ni la wapenda foto. Fundi wetu alinitetea kila chombo kama wakili. Lensi ndefu ni ya kuwapata wasemaji kutoka mbali. Kamera ya pili ni ya siku ambayo ya kwanza itakufa. Miguu mitatu ni ya jioni. Nilimsikiliza mpaka mwisho, maana maneno yake yana ukweli. Mpiga foto anayelipwa na wenye arusi lazima abebe hayo, la sivyo atarudisha mali ya watu. Lakini yeye halipwi. Anapiga foto kwa furaha ya moyo, na furaha haina haja ya kilo 8 na nusu. Henri Cartier-Bresson, Mfaransa aliyejulikana dunia nzima kwa foto zake, alifanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa Leica ndogo na lensi ya milimita 50. Mwenye lensi moja anatembea hatua tano kumkaribia mtu. Hatua hizo tano, kwa mguu unaopona, ni zoezi jema.

Basi tulipatana. Kamera moja, ile ndogo. Lensi moja fupi, ya milimita 50, nyepesi kuliko kikombe cha chai. Taa ndogo kwa arusi za usiku. Miguu mitatu ikae nyumbani: kiwiko kikiegemea ukuta, mkono hautetemeki sana. Mfuko wa bega moja tumeuacha, amechukua wa mabega mawili ili uzito usivute upande mmoja. Jumla haifiki kilo 2. Lensi kubwa sikumwambia auze. Nilimwambia: « Ilale sandukuni. Mguu kwanza, lensi baadaye. » Na kamera haiendi futing. Ukikimbia, kimbia. Ukipiga foto, simama, tazama nyuma yako, ndipo uweke jicho.

Sasa, kwa wote wanaotaka kurudi mbioni baada ya kuteguka kifundo, haya ndiyo ninayoyasema leo badala ya lile neno langu bovu:

1. Siku za kwanza, linda mguu, uinue, uufunge bandeji bila kuukaza mno. Barafu inatuliza maumivu, lakini usidhani ndiyo inayoponya. Mwaka 1978 munganga wa Marekani, Gabe Mirkin, alieneza shauri la mapumziko na barafu. Mwaka 2014 yeye mwenyewe aliandika kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kuchelewesha kupona. Kwa hiyo usilale mwezi mzima. Maumivu yakianza kupungua, anza kuchezesha kifundo na kutembea pole pole.

2. Simama kwa mguu mmoja, ule ulioumia, karibu na ukuta. Fanya hivyo kila siku wakati wa kupiga mswaki. Zile kamba za kifundo zinapeleka habari kichwani: mguu umesimama wapi, umeinama namna gani. Zikiumia, habari inachelewa, na mguu unapinduka tena hata penye jiwe dogo. Zoezi hili linaurudisha mguu katika adabu yake. Wengi wanaliona mchezo wa watoto, na hao ndio ninaowaona mara ya pili.

3. Usikimbie mbele ya kupita mitihani mitatu. Tembea haraka dakika 30 bila kuchechemea. Simama kwa mguu mmoja nusu dakika bila kushika ukuta. Nyanyuka kwa vidole vya mguu ulioumia, mara nyingi sawa na mguu mzima. Ukishindwa mmoja, endelea kutembea.

4. Ukianza, kimbia dakika moja, tembea dakika mbili, dakika 20 zote pamoja. Leo kimbia, kesho pumzika. Usikimbie ukitoka zamu ya usiku, maana mguu wenye usingizi hauoni shimo. Chagua barabara iliyo sawa, na wakati wa mvua kimbia penye mwanga, mbali na mitaro.

5. Kila juma badilisha kitu kimoja tu. Ukiongeza dakika, usiongeze mwendo. Ukipanda mlima, usiongeze kilomita. Na vyombo vya foto ni hivyo hivyo: ukirudisha lensi moja mfukoni, juma hilo usiongeze kitu kingine.

6. Hakimu ni asubuhi ya kesho. Mguu ukiamka umevimba au unauma kuliko jana, rudi ngazi moja chini. Usimeze dawa ya maumivu ili ukimbie. Dawa inafunga mdomo wa mguu, haiondoi jeraha.

Sasa neno kwa wakubwa wa kazi na makapita. Karatasi yetu ikisema « kazi nyepesi », haisemi kwamba mtu anaweza kucheza mupira wa timu ya idara siku ya Mungu. Mchezaji akiitwa na mkubwa wake anaona haya kukataa. Msimwite. Mkimwita mbele ya wakati, idara itashinda mchezo mmoja na kukosa fundi majuma matano.

Na neno kwenu, mama wa nyumba. Yule bibi alimwokoa mume wake kwa kusema juu ya mfuko. Hakumsaliti. Sisi katika dispansere tunaona mguu dakika kumi tu. Ninyi mnauona ukipanda ngazi, mnausikia usiku ukilalamika. Mtu akiniambia « sina neno », na bibi yake akatikisa kichwa nyuma yake, mimi naamini kichwa cha bibi.

Tena, watumishi wenzangu, msituogope. Wengine wanaficha mguu sababu wanafikiri tutawaandika vibaya kwamba waliumia mchezoni. Fikirini: siku ya moshi au ya maji chini ya udongo, mtapanda ngazi kwa mguu upi? Na mwenzako aliye nyuma yako kwenye ngazi hiyo, atapita wapi kama umekwama? Mguu uliofichwa si siri ya mtu mmoja. Ni hatari ya kundi zima.

Fundi wetu sasa anakimbia kilomita tano mara tatu kwa juma. Asubuhi za baridi za kiangazi kifundo bado kinakaza, na anakipa dakika kumi za kutembea mbele ya kuanza. Lensi kubwa bado imelala sandukuni. Juzi alinileteya foto ya watoto wangu wawili mlangoni, aliyoipiga kwa kamera ile ndogo. Bibi yangu ameitundika ukutani. Nilimuuliza kama lensi kubwa ingeifanya nzuri zaidi. Alifikiri kidogo, kisha akasema: « Na lensi kubwa ningekuwa ng'ambo ya barabara, watoto wasingecheka hivi. »

Basi, tubebe tunachoweza kubeba. Mguu ni mmoja kulia na mmoja kushoto, na magazini hayauzi mwingine.