Adapta ya PlayStation Imekufa: Tununue Ipi?

Wiki hii tunaongea juu ya kitu kidogo cheusi chenye waya, kinacholala sakafuni nyuma ya televisheni, na ambacho kikifa kazi yote inasimama.

Katika vikundi vyetu wamo wamama walionunua PlayStation 2 ya zamani kwa pesa ya likelemba. Wameweka televisheni barazani, na watoto wa jirani wanalipa franka kidogo kwa kila mchezo. Kuna wanaocheka wakiona mama mzima anasimamia mpira wa televisheni. Waache wacheke, minervali ya sekondari imetoka humo. Lakini adapta ikifa leo, mama anakimbia sokoni kesho asubuhi, na kwa haraka ile ndipo mashine nzima inaungua.

Tumeona jinsi inavyokwenda. Muuzaji anachambua lundo la adapta zilizotoka Lubumbashi, anajaribu ncha moja baada ya nyingine, moja inaingia, anasema: «Hii inafaa, mama.» Hapana. Ncha kuingia haisemi kitu juu ya umeme unaopita ndani yake. Kinachosema ni karatasi ndogo iliyobandikwa juu ya adapta, pamoja na maandishi yaliyo chini au nyuma ya mashine.

Kwanza angalia una mashine ya namna gani. PlayStation 2 nene, iliyotoka mwaka 2000, haina adapta ya nje. Umeme wake unapunguzwa ndani ya tumbo lake, na nje kuna waya wa prizi tu. Ile ikifa, badilisha waya kwanza; ikikataa, peleka kwa fundi. Ile nyembamba iliyotoka 2004 ndiyo yenye adapta ya nje. Nyembamba za mwisho, zenye namba inayoanza na SCPH-90, zilirudisha adapta ndani. Kwa hiyo soma namba kabla ya kufungua mfuko wa pesa.

Sasa karatasi ya adapta. Tafuta neno OUTPUT, maana yake umeme unaotoka kwenda kwenye mashine. Kwa nyembamba ya 2004 utasoma 8.5V na 5.65A. Ile V ni volti, na hapo hakuna mjadala: inatakiwa iwe ileile. Adapta ya kompyuta mara nyingi inatoa 19, adapta nyingine za nyumbani zinatoa 12. Zote mbili zinaweza kuua mashine kwa dakika moja, hata kama ncha imekaa vizuri kabisa.

A ni ampea, na hapa wamama wengi wanaogopa bure. Ampea ikizidi si kitu. Ukisonga bukari katika sufuria kubwa, mtoto hatakula kuliko tumbo lake. Lakini ukisonga katika sufuria ndogo kwa watoto wanane, utasikia kelele. Mashine nayo inachukua kile inachohitaji tu. Adapta ya ampea 6 ni sawa. Adapta ya ampea 2 itawasha taa, pengine mchezo utaanza, halafu itaanza kuchemka, na plastiki yake inaweza kulainika juu ya mkeka ambapo watoto wamekaa. Hata kampuni kubwa imekutana na moto huu: mwaka 2005 Sony ilirudisha adapta karibu milioni 3.5 za PlayStation 2 nyembamba, zilizotengenezwa kati ya Agosti na Desemba 2004, kwa sababu zilikuwa zinapata joto kupita kiasi. Ukikuta ya kizamani sokoni, iguse baada ya nusu saa ya kazi. Uvuguvugu ni kawaida. Ikiunguza mkono, iondoe.

Bado alama mbili. Mstari ulionyooka wenye nukta chini yake ni umeme wa njia moja, kama wa betri. Alama ya wimbi ni umeme kama wa prizi. PlayStation inataka ule wa mstari. Lakini Nintendo ya kijivu ya miaka ya 1980 adapta yake ya asili inatoa volti 9 za wimbi, kwa hiyo usichanganye. Halafu kuna mchoro wa kiduara chenye + na −, unaoonyesha katikati ya ncha kuna nini. Kwa PlayStation 2 nyembamba katikati ni +. Kwa Sega Mega Drive ya kwanza katikati ni −. Michoro ya adapta na mashine ikipingana, muuzaji arudishe lundoni.

INPUT, yaani umeme unaoingia, ni rahisi: inatakiwa isome 220, au 100-240. Iliyoandikwa 120 peke yake ni ya Marekani na huku itaungua. Na zinazopitia Zambia mara nyingine zina meno ya mraba. Hilo ni tatizo la prizi tu, linatatuliwa kwa fishi ndogo.

Kwa wale wanaotumia jua, tunaomba sana: msikate waya na kufunga mashine moja kwa moja juu ya betri ya gari. Betri ya volti 12 ikiwa inajazwa mchana inapita hata 14. Afadhali kutumia konvertisa inayotoa 220 pamoja na adapta ya kweli, au kifaa cha kupunguza volti ambacho fundi amekiweka kwenye 8.5 na kinachobeba ampea za kutosha. Ukizidisha 8.5 kwa 5.65 unapata wati 48 kwa mashine, na televisheni bado. Kapano kadogo ka simu hakatoshi. Kwa wenye grupu, chomoeni adapta kabla mafuta hayajaisha, maana grupu ikikaribia kuzimika umeme unapanda na kushuka.

Sokoni, mwombe fundi apime adapta kwa multimeta kabla haijagusa mashine yako; kwa PlayStation 2 nyembamba isome karibu 8.5. Nyumbani iwekwe juu ya saruji au ubao, mbali na godoro na pazia, na usiku ichomolewe. Waya uliofungwa kwa skochi usikubali hata kwa bei ya kutupa.

Mwenye adapta iliyokufa asiitupe. Aje nayo kwenye mkutano wa wiki ijayo, pamoja na namba ya mashine iliyoandikwa kwenye karatasi, tuisome pamoja kabla hajatoa franka.